Sauti Isiyojua Kukaripia

Siku Gwamaka alipotoweka, kidani chake kilibaki kwenye msumari kando ya mlango, taa yake ndogo ya kijani ikiwaka kana kwamba mwenyewe yuko chumbani amelala.

Alikuwa amekivua mwenyewe asubuhi ile kwa sababu alitaka kumkaripia dada yake. Ndivyo watu wa dhehebu la Taa walivyolelewa pale Igawalo. Kila mtu mjini alivaa kidani, na kidani kilishika kila kitu: simu, salamu, mapigo ya moyo, njia uliyopita. Lakini watu wa Taa walifundishwa kwamba hasira haipitishwi kwenye chombo. Chombo hukaa na maneno milele, na hasira haistahili kukaa milele. Ukitaka kugombana na mtu, mnavua vidani, mnavitundika nje, mnaingia ndani na kufunga mlango, mnasemezana uso kwa uso mpaka yaishe. Kila nyumba yao ilikuwa na misumari mlangoni, mmoja kwa kila mkaaji. Watu wa Kengele, dhehebu la upande wa pili wa mji, waliwacheka. Wao waligombana popote, vidani vikiwa shingoni, na wakimaliza walipigiana simu wakaendelea.

Asubuhi ile ugomvi ulianzia kwenye bomba. Bomba kuu la mvuke lilipita katikati ya mji, likiwapa joto na umeme watu wa pande zote mbili, hata wakati walipokuwa wakiuana. Siku zile lilikuwa likitetemeka. Gwamaka, aliyekuwa fundi wa mabomba, alisema lazima mtu akafunge vali iliyo upande wa Kengele kabla halijapasuka.

"Acha lipasuke," Tusekile alisema, akiendelea kumenya viazi. "Liwachemshe."

Gwamaka akasimama. "Vua kidani."

"Kaka, nina kazi."

"Vua."

Wakavua, wakatundika, mlango ukafungwa.

"Umekuwa mtu wa namna gani wewe? Kule kuna watoto. Kule kuna bibi aliyekukata kitovu. Leo unataka achemke kama hivyo viazi?"

"Wajukuu wa huyo bibi ndio waliochoma nyumba ya mjomba."

"Kwa hiyo ukimpika bibi, nyumba ya mjomba itarudi na mabati yake?"

Alimsema mpaka machozi yakamtoka Tusekile. Kisha Gwamaka akachukua spana yake kubwa, akatoka kwa kishindo, akapita msumari bila kuutazama. Ni mtu wa Taa tu angeweza kutoka namna hiyo, akiwa na hasira nyingi kiasi cha kusahau kuvaa alichokivua kwa ajili ya hasira. Kidani kingekuwa shingoni kingeonyesha alikopita na alikoishia. Badala yake kilionyesha kwamba yuko nyumbani. Tusekile alipowaomba walinzi wa upande wao wamtafute, walitazama kwenye kioo chao wakamwambia, dada, kaka yako yuko kwako.

Bomba halikupasuka. Gwamaka hakurudi.

*

Vita vilidumu miaka mingine mingi, na vilipoisha havikuisha kwa ushindi wa mtu. Watu walichoka tu. Lakini hata baada ya silaha kukusanywa, mauaji ya kulipiza yaliendelea chini kwa chini, kwa sababu ya jambo moja ambalo Taa na Kengele, waliokuwa zamani dini moja, hawakuwahi kutofautiana juu yake: anayeweza kusamehe ni aliyekosewa peke yake. Mama hawezi kumsamehea mwanawe. Mjane hawezi kumsamehea mumewe. Aliyeuawa amekufa, kwa hiyo muuaji wake hana wa kumwomba, na asiyesamehewa ni halali kuuawa.

Baraza la Suluhu likatafuta njia. Likajenga Nyumba ya Sauti. Lilichukua vidani vya marehemu, likaulisha mtambo kila kilichokuwamo ndani ya vidani hivyo, mpaka mtambo ukaweza kuzungumza kama marehemu na, kwa maelezo ya Baraza, kuamua kama marehemu. Muuaji aliyejitaja aliletwa mbele ya Sauti; bila mwili, kujitaja kwake hakukutosha kumshtaki. Sauti ikisamehe na ndugu wa marehemu akiweka kidole kukubali, muuaji hashtakiwi tena. Naye analazimika kusema mwili uko wapi. Sauti ikikataa, au ndugu asipoweka kidole, kila neno muuaji atakalosema kuhusu mwili linahesabiwa kuwa ni kukiri, na adhabu yake ni kifungo cha maisha. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa akisema kitu kabla ya kidole.

Tusekile alisubiri zamu yake muda mrefu. Hakutaka Baraza. Alitaka mifupa ya kaka yake.

Chumba kilikuwa kidogo, kimepakwa rangi ya maziwa, kina viti vitatu na kipaza sauti ukutani. Kwenye kiti kimoja alikaa Devota, afisa wa Baraza, mwanamke kijana aliyeletwa kutoka makao makuu. Kwenye kingine alikaa Ambokile, mtu wa Kengele, kofia mapajani. Tusekile alimfahamu tangu utotoni. Kabla ya vita alikuwa fundi mwenzake Gwamaka. Alikuwa akila kwao, akimwita yeye Tuse.

"Za siku nyingi, dada," Ambokile alisema.

Tusekile alisogeza kiti chake mbali naye.

Devota aligusa kioo chake. Ukuta ukakohoa kidogo, vilevile Gwamaka alivyokuwa akikohoa kabla ya kupokea simu.

"Ambokile, ndugu yangu," Sauti ilisema. "Habari za nyumbani? Nimeelezwa yote. Nimekusamehe. Nenda salama."

"Basi?" Ambokile aliuliza.

"Basi," Devota alisema, akitabasamu. "Hongera, mzee."

"Hakuna kingine?"

"Ulitaka kingine gani?"

Ambokile aliitazama kofia yake. "Huyu siye Gwamaka."

"Mtambo umepimwa, mzee. Ndiye kwa kila kipimo."

"Mama, mimi nimefanya kazi na Gwamaka. Siku nilipoacha spana yake kwenye mvua alinipeleka nyuma ya karakana, akanivua kidani, akanisema tangu asubuhi mpaka watu wakaenda kunywa chai. Spana tu. Leo nimemuua ananiuliza habari za nyumbani?"

Tusekile alihisi uso ukimwaka. Kila neno lilikuwa lake. Alikuwa nalo kooni tangu Sauti ilipofungua kinywa. Ile ilikuwa sauti ya Gwamaka ya simu, sauti aliyoitumia kwa wateja na kwa wazee wa sala. Kilichomuudhi ni kwamba aliyelisema hilo alikuwa Ambokile.

"Wewe unamjua?" alimgeukia. "Una haki gani ya kumjua?"

"Sina," Ambokile alisema. "Lakini namjua. Na kwetu Kengele mtu hasamehewi kabla ya kukaripiwa. Ukipewa msamaha hivi hivi, kosa linabaki nyumbani, wanakuja kulilipa watoto. Mimi nina mabinti wawili. Siutaki huu."

Devota aliacha kutabasamu. "Huwezi kuukataa msamaha, mzee. Hakuna mahali pa kuandika hilo."

*

Baadaye Devota alimwita Tusekile ofisini kwake, akamimina chai ambayo hakuna aliyeinywa.

"Dada, nisaidie," alisema. "Wewe weka kidole tu. Ukikubali, yeye atake asitake kesi imefutwa, na sheria inamlazimu aonyeshe mahali. Keshokutwa unazika."

"Sauti ile si yeye."

"Hilo mnaliona ninyi wawili. Mtambo haujakosea hata mara moja kwa watu wa Taa. Marehemu wenu wote wamesamehe. Wote, dada. Wa Kengele hata nusu hawajafika. Wengine Sauti zao zinatukana mpaka tunafunga chumba. Viongozi wenu wanatembea vifua mbele, wanasema hata wafu wetu ni wema kuliko wao. Na Kengele wanazidi kukasirika."

Tusekile alikaa akiitazama chai. Jambo lilikuwa likijipanga kichwani mwake, jambo rahisi kiasi cha kuchosha.

"Umewahi kuona misumari milangoni kwetu?"

"Nimeiona. Nilidhani ni ya kofia."

Akamweleza. Alipomaliza, Devota alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza, kama mtu aliye kwenye gari linaloteleza.

"Kwa hiyo hakuna hasira ndani ya kidani chochote cha Taa."

"Hakuna. Mmekusanya salamu zetu. Mtu aliyetengenezwa kwa salamu atasamehe hata nyoka."

"Usimwambie mtu."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Sauti zote za Taa zitafutwa. Waliokwisha kuzika wataambiwa msamaha haukuwepo. Waliosamehewa watarudi kuwa halali kuuawa, na wataanza wao kuua kabla hawajauawa. Mimi nimeletwa hapa kumaliza vita, dada. Sikuletwa kutafuta ukweli." Alijishika paji la uso kana kwamba amesikia alichosema. "Tunaweza kurekebisha. Wewe unamjua alivyogomba. Keti mbele ya mtambo, uufundishe. Sema kama alivyosema."

"Nimwekee maneno kinywani."

"Ya kwake."

"Ninayoyakumbuka mimi, baada ya miaka yote hii. Na niyaseme mbele ya chombo, wakati yeye aliyavulia kidani. Na Sauti ikishajua hasira, ikakataa?"

"Basi Ambokile hasemi, na wewe hupati mwili," Devota alisema polepole.

"Kwa hiyo nikichukua Gwamaka wa uongo napewa mifupa ya kweli. Nikitaka Gwamaka wa kweli, sipewi kitu."

"Ukiweka kidole, Sauti yake itarushwa redioni Ijumaa. Itasaidia watu wengi."

"Mimi sijauliza itamsaidia nani," Tusekile alisema, akainuka. "Aliyeuawa alikuwa na haki moja tu iliyobaki. Ya kukubali au kukataa. Na hiyo mmeichukua mkaifanyia kipindi cha redio."

Hakuweka kidole. Alipofika mlangoni Devota alimwambia, bila ukali, kwamba ana muda mpaka mwisho wa mwezi, kisha jalada litafungwa.

*

Ambokile alikuja nyumbani kwake Jumamosi mchana. Tusekile alikuwa uani akichambua maharage. Alipomwona akisimama nje ya ua, hakumwambia karibu wala toka.

"Sikuja kuomba msamaha," Ambokile alisema.

"Sina wa kukupa. Si wangu."

"Najua. Nimekuja kukaripiwa."

"Nenda kwa Baraza."

"Baraza kila kitu wanakirekodi. Nilimwomba yule mtoto wa makao makuu azime mitambo, dada Tusekile aniseme kidogo. Akasema kisichorekodiwa hakikutokea." Alicheka bila furaha. "Karipio si msamaha, Tuse. Karipio hata wewe unalo. Unalo tangu siku ile, naliona mpaka kwenye unavyoshika huo ungo."

Tusekile alichukia kuitwa Tuse. Alichukia zaidi kwamba alikuwa na haja ya kile kile alichokuja kukiomba yule mtu. Kwa miaka yote hakuwa amemkaripia yeyote, kwa kuwa hakuwa na wa kumfungia mlango. Aliweka ungo chini.

"Vua."

Tusekile akatundika chake kwenye msumari wake. Ambokile akavua kidani chake, akanyoosha mkono kwenye msumari ulio wazi, wa Gwamaka.

"Siyo huo."

Misumari iliyobaki ilikuwa miwili tu; ya wazazi iling'olewa walipozikwa. Ambokile alitazama huku na huku, kisha akakiweka kidani juu ya jiwe la kunolea visu, kwa uangalifu, kama yai. Wakaingia. Tusekile akafunga mlango.

Hapo mwanzo hakujua aanzie wapi, na hilo lenyewe likamtia hasira, akaanzia kwenye sahani. Alimwuliza ni sahani ngapi za chakula alikula katika nyumba hii, na kama alipokuwa akishika bunduki mkono ulikuwa unanuka mchuzi wa mama yao. Alimwuliza kama aliwahi kumwona mama yao akifa, kwa sababu yeye alimwona, na mama alikuwa ameelekea mlangoni. Alimwita mlafi, mwoga, mtu asiye na uso. Alimwambia kwamba amezeeka vibaya na anastahili. Alimwambia kwamba hata kuomba kukaripiwa ni ulafi, kwamba amemwua mtu kisha anataka ahudumiwe. Ambokile alisimama mikono nyuma, machozi yakimtiririka hadi kwenye ndevu, na kila Tusekile alipovuta pumzi, yeye alisema, "Endelea."

"Ulimwona uso?"

"Nilimwona."

"Ulijua ni yeye?"

"Nilijua. Nilimwona mtu wa Taa ameshika vali yetu. Nikadhani anatukatia joto, watoto wafe kwa baridi. Akageuka. Nikamwona ni Gwamaka, nikapiga hivyo hivyo. Sikukosea mtu, Tuse. Ndiyo maana sikutaka kuambiwa nenda salama." Alijifuta kwa kiganja. "Nilipokwenda kuifungua vali tena ndipo nikaona bomba linavyotetemeka. Nikaelewa alikuwa akizuia lisipasuke. Nikaiacha ilivyo. Nikamzika mwenyewe, kwa beleshi la karakana. Pale mlimani, kwenye kona ya bomba, upande wa chini, penye udongo wa joto. Nilichagua pale kwa sababu alikuwa hapendi baridi."

Tusekile aliketi sakafuni. Hakulia. Alikuwa amechoka kama mtu aliyepanda mlima na mzigo wa mtu mwingine.

"Bado nakuchukia," alisema.

"Sawa."

"Sasa najua alipo na siwezi kumgusa. Ardhi ya bomba ni ya serikali. Nikiomba kibali cha kuchimba wataniuliza nani kaniambia."

"Nikisema kwao ni mimi, nafungwa maisha."

"Hilo nalijua, Ambokile. Bado nafikiri."

Mwishowe Ambokile aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, kama lile jembe la uani lina mpini mzima.

*

Walikwenda kesho yake mchana, wakati mafundi na walinzi wa kituo cha mvuke walipokuwa wakila. Vidani waliviacha nyumbani, cha Tusekile kwenye msumari, cha Ambokile kwenye jiwe. Wote wawili walijua kwamba bomba lina masikio: kando yake chini ya ardhi kulifukiwa waya za kugundua mvuke unaovuja, na waya zile husikia hata jembe. Walichojipa ni muda wa walinzi kuacha sahani zao na kupanda mlima.

Ambokile alichimba vizuri, kwa mgongo wa fundi. Tusekile alitoa udongo. Ulikuwa na joto kama mkate. Hawakuzungumza, ila mara moja Ambokile alimwambia asirushe udongo upande wa upepo, naye akamwambia asimfundishe.

Spana ilitoka kwanza. Kisha kitambaa cha ovaroli, kisha mkono. Tusekile alishuka shimoni, akaondoa udongo kwa vidole, akamkuta kaka yake amelazwa ubavu wa kulia kama Taa wanavyolaza watu wao. Aliinua macho akamtazama Ambokile aliyekuwa ukingoni.

"Nilijua mnavyolaza," Ambokile alisema. "Nilikuja msiba wa baba yenu."

Hakumjibu. Alitandaza kanga, akaanza kuhamisha mifupa mmoja mmoja. Alikuwa amefika kwenye mbavu walinzi walipotokea, na nyuma yao Devota, akihema, viatu vyake vya ofisini vimejaa matope.

"Mngesubiri," Devota alisema. Sauti yake ilikuwa karibu na kilio. "Mlibakiwa na siku chache tu. Kidole kimoja, dada. Kidole kimoja na yote haya yangekuwa halali."

"Niache nimalize mbavu," Tusekile alisema.

Walinzi walitazamana. Wa Taa mmoja, wa Kengele wawili. Hakuna aliyeshuka shimoni mpaka alipomaliza. Kisha mkubwa wao akaomba radhi, akaichukua kanga yote na kilichokuwamo, akaitia kwenye mfuko wa plastiki wenye namba.

Kwenye kituo cha walinzi waliwekwa vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa mabati. Ambokile aliandikisha maelezo yake siku ileile, akiwa amerudishiwa kidani shingoni, hakuacha kitu. Alipoulizwa kama amesamehewa alisema hapana, amekaripiwa, na karani akamwomba arudie kwa sababu mtambo haukuwa na jibu hilo. Jioni alilalamika kupitia mabati kwamba uji ni mwepesi. Tusekile alimwambia anyamaze, ana kelele kama watu wote wa Kengele. Akanywa kidogo, kisha akauliza kama na wake ni mwepesi. Ulikuwa mwepesi.

Devota huja kila siku. Husimama kwenye mlango wa chumba cha Tusekile na kioo chake mkononi, humwambia kwamba bado anaweza kuweka kidole. Kwamba akiweka, shtaka la Ambokile linafutwa, la kwake linafutwa, na mifupa inatolewa. Siku ya tatu alisema kwamba ameandika kwa makao makuu kuhusu misumari. Hawajamjibu. Hajui kama alifanya vizuri, naye Tusekile hakumwambia.

Mifupa ya Gwamaka iko kwenye ghala la mahakama, ni kielelezo, na haiwezi kuzikwa mpaka kesi iishe. Kesi itatajwa Jumatano. Tusekile na Ambokile wameshtakiwa pamoja kwa kufukua maiti bila kibali; shtaka la mauaji atasomewa Ambokile peke yake, baadaye. Mawakili wa utetezi wanaolipwa na serikali ni wachache, kwa hiyo wamepewa mmoja wa kuwatetea wote wawili.